Novena ya Loreta

Mpanda Mjini,
14 Julai 1996

Dada Romana,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii naiandika juu ya meza ya kupigia pasi, ukiona mistari imepinda ujue nguo za watu zinanisubiri.

Nimepata kazi. Nafua na kupiga pasi kwa Injinia Malale, yule wa barabara. Mkewe ni mtu mwema, hata chai tunakunywa meza moja. Na wana runinga, dada. Wewe hujaiona. Ni kama redio, ila anayeongea unamwona na uso wake na nguo alizovaa. Kaka yake Mama Malale anamletea mikanda ya video kutoka Dar. Jumamosi mchana jenereta ikiwashwa tunakaa wote, mimi nyuma na pasi yangu.

Ndani ya mikanda hiyo kuna shule ya sekondari, huko kwa Wazungu. Watoto wa matajiri watupu! Wanakuja shule na magari yao wenyewe, mtoto wa kidato cha tatu. Sare hakuna. Mwalimu akiingia hawasimami. Kuna binti anaitwa Loreta, baba yake ana majumba, mama yake hashindi nyumbani. Kuna kijana Kliftoni, gari lake jekundu halina paa, mvua ikinyesha sijui anafanyaje. Mama Malale anajua Kiingereza, ananitafsiria. Huyo Kliftoni anamdanganya Loreta peupe, sisi wote tunaona, Loreta peke yake haoni. Jumamosi iliyopita nilipiga kelele, "We binti, kimbia!" mpaka nikaunguza shati la Injinia.

Msalimie shemeji Bartolomeo. Skolastika asome kwa bidii.

Mdogo wako,
Angela


Kitongoji cha Mlambazi, Majimoto,
11 Agosti 1996

Mdogo wangu Angela,

Milele amina. Barua yako ililetwa na gari la misioni. Skola alinisomea, maana macho yangu na mwandiko wako havielewani tena.

Sasa usinikasirikie. Alhamisi nilikwenda nayo Jumuiyani, baada ya rozari nikamwambia Skola awasomee wenzangu. Walikaa kimya kama Ijumaa Kuu. Mama Sixte akasema, "Huyo mama asiyeshinda nyumbani ndiye mwenye kosa." Mwingine akasema, "Na baba je? Majumba yote hayo, halali hata katika moja?" Tukacheka, lakini moyoni tulihuzunika. Tumekata shauri kumfanyia Loreta novena, siku tisa, kila mmoja nyumbani kwake na siku ya mwisho kwangu.

Mimi picha za kutembea nimeziona mara moja tu, ile ya mateso ya Bwana wetu ambayo Padri aliionyesha kwenye ukuta wa kanisa. Nililia siku mbili. Kwa hiyo najua inavyouma mtu ukiyaona mambo kwa macho yako.

Skola aliniudhi kidogo siku hiyo, lakini ni utoto, yamekwisha. Mtihani wa darasa la saba ni mwezi ujao. Mwalimu Respicius anasema Skola akiamka salama siku hiyo, huyu anakwenda sekondari. Namshukuru Mungu na tena naogopa. Niambie, shule ile ya kina Loreta ina masista? Nani anawaangalia hao watoto?

Andika upesi. Wananiuliza kila Alhamisi.

Dada yako,
Romana


Mpanda Mjini,
6 Oktoba 1996

Dada,

Masista hakuna. Na Loreta ana mimba.

Kliftoni kamkana mbele ya darasa zima. Alisema, "Huyu simjui," kama Petro, ila jogoo hakuwika na machozi hayakumtoka. Wenzake wameandika kwenye kabati la vitabu la Loreta neno nisiloweza kuliandika. Yule mwalimu mkuu wa kike anamwangalia tu kama anaangalia mvua. Mama Malale alilia, mimi nililia, Injinia akaondoka akasema hawezi kukaa na msiba usiokuwa na maiti.

Jenereta ilipozimwa Mama Malale akasema, "Sekondari za siku hizi ndivyo zilivyo. Huku kwetu tofauti ni kwamba hatuna magari." Nami naona kasema kweli. Mtoto ukishamtoa machoni pako si wako tena.

Waambie Jumuiya wasilegee. Nimefurahi mno kusikia barua zangu zinasomwa mbele ya watu. Hapa mjini, dada, mimi ni dobi. Hakuna anayeniuliza neno lolote isipokuwa shati langu liko wapi.

Angela


Mlambazi,
12 Januari 1997

Mdogo wangu Angela,

Nakuandikia leo na sijui nianze kucheka au kulia.

Skola amefaulu. Kati ya wasichana wote wa shule yetu, amechaguliwa yeye peke yake. Shule ya bweni ya wasichana, upande wa Sumbawanga. Mwalimu Respicius alikuja mwenyewe na baiskeli, shati limelowa. Baba Skola alikimbia kununua godoro siku hiyo hiyo, akalibeba kichwani kutoka sokoni, watu wakimwuliza, "Bartolomeo, nani anaoa?" naye anajibu, "Anasoma mtu!"

Mimi sikupiga vigelegele. Angela, kila nikiliangalia lile godoro namwona Loreta. Yule baba yake ana majumba na bado mtoto kaharibika. Sisi wa jembe tutamlindia nini mtoto wetu huko mbali? Jumuiya nao wamegawanyika. Mama Sixte anasema nimpeleke. Wengine wananiambia, "Romana, wewe umeonywa kuliko sisi wote, usije ukasema hukujua."

Baba Skola kaniachia mimi. Amesema mimi ndiye ninayefahamu habari za shule.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeona kwa macho yako. Nimpeleke, nisimpeleke? Mwisho wa kuripoti ni tarehe 10 Februari. Utakalosema ndilo nitakalofanya. Dereva wa misioni anarudi huku tarehe 28, mpe jibu.

Dada yako,
Romana


Mpanda Mjini,
27 Januari 1997

Dada Romana,

Hongera kwa Skola. Dereva anataka kuondoka kwa hiyo naandika machache.

Mambo ya mtoto ni ya mama yake. Mimi ni nani niseme nenda au usiende. Salini, Mungu atawaonyesha. Wale watoto wa shule ile hawajambo, siku hizi sikai sana kuwaangalia, kazi ni nyingi.

Nimetuma sabuni mche mmoja na kitenge cha Skola.

Angela


Mlambazi,
23 Februari 1997

Mdogo wangu,

Kitenge kimefika. Hajakivaa.

Sikumpeleka. Nilisali kama ulivyosema, sikuonyeshwa kitu, nikaona basi, kutoonyeshwa ni jibu. Mwalimu Respicius alikuja mara tatu. Mara ya tatu nilijificha nyuma ya ghala la mpunga, mimi mtu mzima, nikamsikia akimwambia Baba Skola, "Mzee, mtoto kama huyu hapatikani kila mwaka." Baba Skola hakujibu. Siku hizi hanijibu na mimi.

Skola hakulia. Angelilia ningelimfariji. Anaamka, anachota maji, anakwenda shambani kufukuza ndege, anarudi. Godoro limesimamishwa ukutani na nailoni yake, hakuna anayethubutu kulilalia.

Mimi najiambia nimemwokoa. Najiambia hivyo asubuhi na jioni.

Jumuiya wanauliza Loreta amejifungua nini. Tunataka kumwombea kwenye Misa, lakini Padri kauliza jina lake la ubatizo na anasali parokia gani. Mwulize Mama Malale.

Romana


Mpanda Mjini,
Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi 1997

Dada yangu Romana,

Soma barua hii peke yako. Usimpe Skola akusomee. Usiende nayo Jumuiyani mpaka umeimaliza.

Nimeungama Alhamisi Kuu. Padri hakunipa sala yoyote. Alisema, "Malipizi yako ni kalamu. Kamwandikie dada yako."

Loreta hayupo.

Hakufa. Hakuwepo tangu mwanzo. Wiki ya Krismasi Mama Malale aliweka mkanda mwingine, nikamwona Loreta amevaa gauni la uuguzi, tumbo hakuna, ana mume mwingine na jina jingine. Nikasema, "Jamani, huyu si Loreta? Mtoto kamwacha wapi?" Mama Malale alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Dada Angela! Wewe siku zote ulidhani ni kweli? Hawa ni waigizaji. Ni kama watoto wa shule na ngonjera zao, ila hawa ndiyo kazi yao ya mshahara. Hiyo shule ni mbao zimepakwa rangi."

Nilikwenda kusimama kwenye kamba za nguo, nikajifunika shuka lililolowa usoni.

Dada, hiyo ilikuwa Desemba. Barua yako ya kuuliza ilikuja Januari. Nilikuwa najua. Nilikaa na kalamu siku mbili. Niliona uso wa Mama Sixte, nikawaona watu wazima waliopiga magoti siku tisa kwa ajili ya mbao, na mimi ndiye niliyewapigisha. Nikaona mkijua mtasema, Angela yule, dobi yule, mjini kaenda kuokota ujinga. Nikaandika yale niliyoandika. Nikaweka na sabuni juu yake.

Aibu yangu niliiona kubwa kuliko shule ya mtoto wako. Sina neno jingine.

Mkimbilie Mwalimu leo. Labda nafasi bado ipo.

Angela


Mlambazi,
18 Mei 1997

Angela,

Sikuandika kwa sababu kila nilichokiandika kilikuwa matusi, na karatasi zimeniishia.

Barua yako nilisomewa na Padri wa hapa, maana Skola ulimkataza na mimi sikuona vizuri. Basi na yeye kajua. Alikuwa anauma midomo asicheke, halafu alipofika pale pa Januari hakuhitaji kuuma tena.

Nilikwenda kwa Mwalimu Respicius siku hiyo hiyo, na kandambili moja imekatika. Akaniambia, "Mama Skola, nafasi ilirudi wilayani tangu Februari, kapewa mtoto mwingine." Nikamwomba Skola arudie darasa la saba. Akasema mtoto aliyekwisha kufaulu haandikishwi tena, jina lake limefungwa. Akafunua daftari la darasa. Halafu akasema, "Lipo jina moja."

Ni la Minza, binti wa Manyanda, yule Msukuma mwenye ng'ombe upande wa mbugani. Alikuwa aingie darasa la saba mwaka huu. Januari kaozwa, yuko Kasansa kwa mume. Jina lake bado lipo kwenye daftari. Mwalimu akasema, "Skola atasoma kwa jina la Minza, au hatasoma. Chagua, mama. Na ukimwambia mtu wa wilaya, mimi sina kazi."

Mimi, Angela! Mimi niliyemnyima mtoto shule kwa kuogopa dhambi, nimekwenda kwa Manyanda kuazima jina ili mwanangu aseme uongo kila asubuhi. Manyanda alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Akasema, "Jina limekaa tu bure huko shuleni. Lichukueni likasome."

Sasa na mimi niseme langu, maana umesema lako. Nilikuandikia mwaka jana kwamba Skola aliniudhi siku ile Jumuiyani, nikasema ni utoto. Hukuuliza ni nini. Alipomaliza kusoma barua yako ya kwanza alisema, "Mama, lakini hii ni michezo ya kuigiza tu, Mwalimu alishatuambia mambo ya runinga." Nilimpiga kofi mbele ya wanawake kumi na wawili, rozari ikiwa kwenye mkono huo huo. Nikamwambia, "Watu wanasikitika, wewe unaleta ujuaji." Hakusema tena. Hata Januari, godoro likiwa mlangoni, alinyamaza, maana alijua neno lake linalipwa nini kwangu.

Kwa hiyo usijibebeshe yote peke yako. Uliyejua ulinyamaza, na aliyejua akasema nilimpiga mimi.

Alhamisi nilisimama Jumuiyani nikawaambia. Mama Sixte akauliza, "Kwa hiyo Loreta hana mimba?"

Nikasema hana.

"Na hajawahi kuwa nayo?"

"Hajawahi kuwepo mwenyewe."

Mzee mmoja pale nyuma akauliza, "Na zile rozari zetu zimekwenda wapi?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Nilicheka nao, Angela, nikitamani ardhi inimeze na kigoda changu.

Romana


Shuleni,
5 Oktoba 1997

Mama Mdogo Angela,

Shikamoo. Ni mimi Skolastika, ambaye mpaka saa nane mchana ni Minza Manyanda.

Mtihani tumemaliza. Nadhani nimefanya vizuri kuliko mwaka jana, maswali mengine yalinikumbuka. Wiki ya kwanza nilichapwa mara mbili kwa sababu Mwalimu wa zamu alikuwa anaita "Minza!" na mimi namwangalia kama wengine, nangoja Minza aitike. Darasani wananiita Bibi, kwa kuwa nimesoma la saba mara mbili. Nyumbani mama naye ananiita Minza ili nizoee. Anaita, halafu anainama kwenye chungu kana kwamba moshi umemwingia machoni, na mara nyingine hata moto haujawashwa.

Minza mwenyewe nilikutana naye sokoni Majimoto. Tulikaa dawati moja darasa la tatu kabla mimi sijarushwa darasa. Ana mimba kubwa. Alinivuta sikio akaniambia, "We Minza, usinifelishe." Tulicheka. Halafu akaniuliza bei ya dagaa.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, nikaimalizia kwenye kufukuza ndege.

Nina swali, lakini jibu lipitishe kwa Mwalimu, nyumbani halitajwi. Loreta iliishaje? Alimsamehe Kliftoni? Najua ni maigizo. Nataka tu kujua.

Mwanao,
Skola


Mlambazi,
12 Julai 1998

Mdogo wangu Angela,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua zile zilikata barabara kila mahali, barua zako tatu zimefika siku moja. Nimezisoma mwenyewe, kwa miwani ya Padri. Usiogope kuniandikia. Hasira imechoka kabla yangu.

Ulitaka nikueleze siku ya kusomwa majina ya waliofaulu. Alikuja mtu wa wilaya, akasimama uwanja wa shule, akasoma, "Minza Manyanda." Uwanja mzima ulijua, na uwanja mzima ukanyamaza. Nilifungua mdomo nipige vigelegele, nikaufunga. Ningempigia nani? Yule bwana akauliza, "Mzazi wake yupo?" Manyanda akasukumwa mbele na fimbo yake. Akapewa mkono, akaambiwa, "Hongera mzee, wafugaji wote wangekuwa kama wewe." Akapewa fomu, akatia dole gumba mahali pa baba. Baba Skola alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, ameshika kofia. Manyanda aliporudi hakumwangalia. Alimpa ile fomu kwa mikono miwili.

Sasa Skola yuko kidato cha kwanza, Sumbawanga huko huko. Kila barua ya shule inakuja kwa jina la Manyanda. Juzi ilikuja ripoti ya muhula. Mzee huyo hajui kusoma, kwa hiyo akaiweka ingoje, na nadhani kwao ilizungumzwa, kwa sababu aliyeniletea ni Minza.

Alikuja kwa miguu kutoka Kasansa, mtoto mgongoni. Mtoto ni wa kike, ana miezi minane. Minza hajafika miaka kumi na sita. Amekonda hapa kwenye shingo. Nilimkaribisha kigoda, nikampa uji, na alipokuwa anakunywa nikaanza kuhesabu kichwani, Angela, na hesabu ile imenikosesha raha mpaka leo. Mwaka jana wakati kama huu binti alikuwa na mimba, na mume mwenye umri wa baba yake. Kila siku ya soko alipita hapa mbele ya nyumba yangu na tumbo lake. Jumuiya yetu tulifanya novena, tuliacha kula Ijumaa, tulitaka kumsomea Loreta Misa. Na huyu hapa alipopita baadaye, hakuna aliyemwombea. Nilimwona. Nilimjua jina, tena nilikwenda kwa baba yake kuliomba hilo jina, nikarudi nalo nyumbani nikifurahi, na sikuuliza mwenye jina hali yake. Hata mara moja sikuuliza.

Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Mwanangu Minza," nikakwama hapo. Yeye alidhani naanza kusoma ripoti. Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasogeza kigoda.

"Mama," akasema, "nimekuwa wa ngapi?"

Nikafungua bahasha. Nikamsomea: Minza Manyanda, kidato cha kwanza, wa nne kati ya themanini na sita. Hisabati, vizuri sana. Tabia, njema.

Alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani kama anayetaka na yeye asikie. Kisha akaniomba nisome tena, pole pole, kuanzia pale kwenye jina.

Nikasoma tena.

Dada yako,
Romana